Grinikadi, lori na bastola: jibu kwa dereva wa Dallas

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Mbeya, nina miaka 34. Niliingia Marekani kwa bahati nasibu ya viza na huu ni mwaka wa nne nina grinikadi. Naishi Dallas, naendesha lori la masafa marefu, na mara nyingi napeleka mzigo Newark, New Jersey, kupitia Arkansas, Tennessee na Virginia. Mwezi uliopita nikiwa nimelala kituo cha malori, watu wawili walikuja usiku kutikisa mlango. Tangu hapo nataka bastola. Madereva wenzangu wanasema Texas kibali hakihitajiki tena, nunua tu uweke kwenye kebini. Je, ni kweli? Asiye raia anaruhusiwa? Kibali cha Texas kinatambulika majimbo mengine? Na mdogo wangu, anayekaa kwangu kwa viza ya mwanafunzi, anaweza kujifunza kulenga shabaha kwa bastola yangu?"

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa usiku ule. Nakupa majibu kwanza, sababu zifuate. Mwenye grinikadi anaruhusiwa kununua, kumiliki na kubeba bastola. Ni kweli pia kwamba tangu 1 Septemba 2021, ilipoanza kutumika sheria inayojulikana kama HB 1927, mtu wa miaka 21 na zaidi ambaye hajazuiwa kisheria kumiliki silaha anaweza kubeba bastola Texas bila leseni. Pamoja na hayo, nakushauri uichukue leseni. Safari ya Newark bastola ibaki nyumbani, uwe na leseni au usiwe nayo. Na mdogo wako asiishike kabisa, hata uwanja wa shabaha.

Nafundisha darasa la leseni hapa Texas, na wanafunzi wangu wengi ni watu wa kwetu: Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi waliokulia kambini Kigoma. Wengi huja na swali la bastola gani ni nzuri. Mimi huanza na uhamiaji, kwa sababu hapo ndipo mtu wa kwetu anapoumia mahali ambapo Mmarekani angepona. Huyo mwenzako aliyekwambia ununue tu uweke kwenye kebini, ukimdadisi utakuta ni raia. Ushauri wake unamfaa yeye.

Sheria ya Uhamiaji na Uraia, kifungu cha 237, inasema mgeni yeyote akitiwa hatiani, wakati wowote baada ya kuingia nchini, kwa kununua, kuuza, kutumia, kumiliki au kubeba silaha ya moto kinyume cha sheria yoyote, anaweza kuondolewa Marekani. Kifungu hicho hakidai kosa liwe zito, wala hakiulizi kama ulifungwa au ulilipa faini ukaenda zako. Ipo njia ya kumwomba jaji wa uhamiaji afute amri ya kukuondoa, lakini mwombaji anatakiwa awe na grinikadi kwa miaka 5 na awe ameishi hapa kihalali kwa miaka 7. Wewe uko mwaka wa nne. Huna hata kinga hiyo ya mwisho, na wakati huohuo umebakiza kama mwaka mmoja tu ufikie haki ya kuomba uraia. Ningekuwa kaka yako wa damu ningekuomba usubiri hadi uapishwe. Lakini wewe ni mtu mzima, umetishwa usiku, na sheria inakuruhusu, kwa hiyo nitakueleza namna ya kufanya bila kujiharibia.

Kuna jambo moja linalowaangusha hata wenye mawakili. Texas ina utaratibu ambao mshtakiwa anakiri kosa, jaji anaahirisha kumtia hatiani na kumweka chini ya uangalizi, na akimaliza muda bila kosa jingine kesi inafutwa. Wakili wa jinai atakwambia hiyo ni nafuu kubwa, na kwa raia ni kweli. Kwa macho ya uhamiaji, ukishakiri na jaji akakupa adhabu au masharti ya aina yoyote, tayari umetiwa hatiani. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky. Jose Padilla alikuwa dereva wa lori kama wewe, mzaliwa wa Honduras, mkazi wa kudumu kwa zaidi ya miaka 40, aliyepigana Vietnam kwenye jeshi la Marekani. Alikutwa na bangi kwenye lori, wakili wake akamwambia asiwe na wasiwasi na uhamiaji kwa kuwa ameishi hapa muda mrefu, akakiri kosa, akajikuta anakabiliwa na kufukuzwa. Mahakama ikasema wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia matokeo ya uhamiaji kabla hajakiri. Kwa hiyo ikitokea umeshtakiwa kwa jambo lolote la silaha, hata likionekana dogo namna gani, usikiri mpaka wakili wa uhamiaji ameyasoma hayo makubaliano. Mimi ni mwalimu wa leseni, si wakili. Kesi ikishafunguliwa usinipigie mimi kwanza.

Sasa kununua. Muuzaji mwenye leseni ya serikali kuu atakupa Fomu 4473. Itakuuliza nchi ya uraia wako: andika Tanzania. Itakuuliza namba yako ya mgeni, ile inayoanza na A kwenye grinikadi: iandike. Wapo wanaojaza kwamba ni raia wa Marekani, ama kwa haraka ama kwa kuogopa muuzaji atawakatalia. Hatakatalia, mwenye grinikadi huuziwa kila siku. Kudanganya kwenye fomu ile ni kosa la jinai la serikali kuu, na kujidai raia wa Marekani wakati si raia ni kosa jingine la uhamiaji linaloweza kukufungia mlango maisha yako yote. Yote hayo kwa alama moja kwenye kisanduku.

Fomu hiyohiyo inauliza kama unatumia bangi au dawa nyingine zinazodhibitiwa, na inaonya kwamba bangi bado ni haramu kwa sheria ya serikali kuu hata pale jimbo lilipoiruhusu. Hapa nawaambia wanafunzi wangu jambo ambalo walimu wengi hawalijui. Mirungi imo. Kathinoni, ile kemikali iliyomo kwenye majani mabichi ya mirungi, iko daraja la kwanza la dawa zilizopigwa marufuku Marekani tangu 1993, kundi moja na heroini. Mtu anayetafuna Jumamosi na wenzake, kisha Jumatatu anaandika "hapana" kwenye fomu, amedanganya. Na akishakuwa na bastola ndani huku anaendelea kutafuna, anamiliki silaha kinyume cha sheria. Kwetu ni kijiwe na kahawa, hapa adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 15. Chagua kimoja.

Kizuizi kingine kinachowagusa watu wetu ni ugomvi wa nyumbani. Mtu aliyetiwa hatiani kwa kumpiga mwenzi wake, hata kama lilihesabiwa kosa dogo, haruhusiwi kumiliki silaha kwa sheria ya mwaka 1996. Na aliye chini ya amri ya mahakama ya kumlinda mwenzi dhidi yake haruhusiwi kwa muda wote wa amri hiyo. Mahakama Kuu ilithibitisha hilo mwaka 2024 kwenye kesi ya Rahimi, iliyotoka hapahapa Texas.

Kama hayo yote hayakuhusu, njoo kwenye leseni. Utauliza kwa nini uilipie wakati jimbo halikulazimishi. Sababu ya kwanza ni majimbo mengine: yanayotambua ubebaji wa watu wa Texas kwa kawaida yanatambua leseni, na si maneno ya mtu kwamba kwao haihitajiki. Sababu ya pili ndiyo inayonitia hofu zaidi kwa ajili yako. Sheria ya serikali kuu inakataza kuwa na silaha ndani ya futi 1,000 za shule, yaani karibu mita 300, isipokuwa imefungiwa bila risasi, au aliyenayo ana leseni iliyotolewa na jimbo ilimo shule hiyo. Hebu fikiria Dallas ilivyo na shule. Anayebeba kwa uhuru wa sheria ya 2021 bila leseni anapita kwenye kanda hizo kila siku, na kwa maandishi ya sheria anavunja sheria ya serikali kuu kila anapopita. Waendesha mashtaka hawana desturi ya kuwafuata watu kwa hilo peke yake. Lakini wewe si mtu wa kuishi kwa kutegemea desturi za mwendesha mashtaka.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Uwe umeishi Texas miezi 6, usiwe na hatia ya kosa dogo la jinai la daraja A au B ndani ya miaka 5, usiwe na deni la matunzo ya mtoto wala la kodi za jimbo. Unaomba kwa mtandao kwenye Idara ya Usalama wa Umma, ambayo wote tunaiita DPS. Ada ni dola 40, alama za vidole unalipia kando. Leseni ya kwanza hudumu miaka minne hadi mitano, na kuihuisha hakuhitaji darasa tena. Darasa ni la saa 4 hadi 6: sheria za silaha, matumizi ya nguvu, kumaliza ugomvi bila silaha, na kuhifadhi bastola mbali na watoto. Sehemu hiyo ya nadharia unaweza kuisoma kwa mtandao, jambo linalowasaidia madereva. Kufyatua ni lazima uje mwenyewe.

Ufyatuaji huwatisha watu bure. Ni risasi 50: 20 kutoka yadi 3, yaani chini ya mita 3, 20 kutoka yadi 7, na 10 kutoka yadi 15, karibu mita 14. Shabaha ni karatasi yenye kivuli cha mtu mzima, kila risasi ina alama zisizozidi 5, jumla 250, na unafaulu kwa 175. Anayefeli huwa hakosi nguvu wala macho. Anakuwa anakiminya kitufyatulio kwa ghafla huku akiusubiri mlio, na mdomo wa bastola unashuka nukta moja kabla risasi haijatoka. Utaiona karatasi yake: matundu yote yamejikusanya chini kushoto kama ni mtumia mkono wa kulia. Dawa yake ni kuja siku moja kabla, ukafyatua bastola tupu mbele ya mwalimu mpaka mkono utulie. Usije na bastola iliyotoka kwenye boksi asubuhi hiyo.

DPS ina siku 60 za kukujibu. Ukiipata, soma mabango ya milangoni kama unavyosoma mabango ya barabarani. Bango la 30.06 (hiyo ni namba ya kifungu cha sheria ya Texas), kwa Kiingereza na Kihispania, herufi zisizopungua inchi moja, linamkataza mwenye leseni kuingia na bastola iliyofichwa. Lile la 30.05 linawahusu wasio na leseni. Kisha kuna bango lenye asilimia 51 kwa maandishi makubwa mekundu. Hilo lina maana kwamba zaidi ya nusu ya mapato ya mahali hapo yanatokana na pombe inayonyweka papo hapo. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu najua tunakokutana. Ukumbi wa nyama choma na muziki ambako tunafanyia sherehe za kuzaliwa na vikao vya harusi, mara nyingi kwa leseni yake ya vileo ni baa. Kuingia na bastola mahali penye bango hilo ni kosa zito la jinai, una leseni au huna, umekunywa au hukunywa. Hata kama umeitwa tu kumchukua shemeji, iache kwenye gari, ndani ya kisanduku chenye kufuli, ndipo ushuke.

Sasa barabara. Nimeipitia njia yako kwenye ramani. Unatoka Dallas kwa barabara kuu ya I-30 hadi Little Rock, unashika I-40 kupita Memphis, Nashville na Knoxville, kisha I-81 kuanzia mashariki ya Tennessee. Arkansas na Tennessee zinaitambua leseni ya Texas. Virginia, ambako I-81 inakwenda zaidi ya maili 320, imekuwa ikizitambua leseni za majimbo mengine, lakini hebu ona kilichotokea huko: Desemba 2015 mwanasheria mkuu wa jimbo alitangaza kuacha kutambua leseni za majimbo 25, na Januari iliyofuata wanasiasa wakapatana na uamuzi ukageuzwa. Dereva aliyekuwa safarini wiki hizo alipaswa kujua. Ndiyo maana nasema orodha uiangalie kabla ya kila safari, kwenye tovuti ya serikali ya jimbo husika, si kwenye picha iliyosambazwa kwenye kundi la WhatsApp.

Baada ya Winchester unaingia West Virginia maili kama 26, ambako hakuna shida. Halafu inakuja Maryland. Kutoka mto Potomac, kupita Hagerstown, hadi mpaka wa Pennsylvania ni maili 12 tu. Lori lako linamaliza kwa robo saa. Lakini Maryland haitambui leseni ya jimbo lolote, na kuwa na bastola kwenye gari bila leseni yao ni kosa la jinai. Hapo ndipo inapokuja sheria ya serikali kuu ya mwaka 1986, inayomlinda msafiri anayepita tu. Masharti yake: uwe unatoka mahali unapoweza kumiliki na kubeba silaha hiyo kihalali, unakwenda mahali unapoweza kufanya hivyo kihalali, na njiani bastola haina risasi, na bastola na risasi haziko mahali unapoweza kuzifikia. Lori halina buti lililotengana na kebini, kwa hiyo sheria inataka kisanduku kilichofungwa kwa kufuli, na inasema wazi kwamba droo ya dashibodi haihesabiki. Anayekwenda Harrisburg, Pennsylvania, anasimama upande wa West Virginia, anatoa risasi, anafungia bastola, ndipo anavuka.

Wewe hauishii Harrisburg. Unashika I-78 kwenda Newark, na New Jersey ndipo penyewe. Haitambui leseni ya jimbo lolote. Kukutwa na bastola bila leseni yao ni kosa la daraja la pili, kifungo cha miaka 5 hadi 10, na sheria yao maalumu inadai angalau miezi 42 kabla ya kufikiriwa kuachiwa. Hata risasi zenye ncha ya shimo, zile ambazo duka la Texas litakuuzia kama za kujihami, huko kuzibeba ni kosa la peke yake. Na ile sheria ya 1986 haikusaidii, kwa sababu Newark si mahali unapopita; ni mwisho wa safari yako, na huruhusiwi kubeba hapo.

Soma habari za Shaneen Allen. Alikuwa mama wa watoto wawili kutoka Philadelphia, ana leseni halali ya Pennsylvania. Oktoba 2013 alivuka kuingia New Jersey, akasimamishwa na polisi kwa jambo la barabarani, na kwa uaminifu wake akamwambia askari kuwa ana bastola na leseni. Akakamatwa. Alikabiliwa na kifungo cha miaka mitatu na nusu, na iliposhindikana kuvumilia kelele za nchi nzima mwendesha mashtaka akakubali aingie kwenye mpango wa uangalizi badala ya kesi. Aprili 2015 gavana Chris Christie akamsamehe. Yeye ni raia. Na kuna msafiri wa Utah aliyekuwa akipitia uwanja wa ndege wa Newark mwaka 2005. Bastola aliifungia kwenye mzigo kama sheria ya ndege inavyotaka, akakosa ndege ya kuunganisha, akapewa mizigo yake alale hotelini. Asubuhi aliporudi kuikabidhi akakamatwa, akalala rumande siku kadhaa. Mashtaka yalifutwa, lakini alipodai haki yake, mwaka 2010 mahakama ya rufaa ilisema sheria ya 1986 haikumlinda kwa kuwa usiku ule bastola ilikuwa mikononi mwake. Mahakama hiyo ndiyo inayosimamia New Jersey, Pennsylvania na Delaware. Dereva wa lori hulala njiani na silaha yake kebini kila usiku. Ukiwa kwenye majimbo hayo, hiyo ndiyo tafsiri itakayotumika kwako.

Utasikia kwamba uamuzi wa Mahakama Kuu wa Juni 2022, ule wa Bruen, ulifuta mambo haya. Uamuzi huo uliyaambia majimbo kama New York, New Jersey, California na Maryland kwamba hayawezi kumnyima mtu leseni kwa kudai atoe sababu ya pekee ya kuihitaji. Haukuyalazimisha kutambua leseni ya Texas. Muswada wa kulazimisha hivyo nchi nzima umepelekwa bungeni mara nyingi, na Desemba 2017 ulipita Baraza la Wawakilishi, lakini haukuwa sheria. Anayekwambia umeshapita amechanganya.

Hata pale majimbo yote yangekuruhusu, kuna kampuni yako. Soma mkataba. Kampuni nyingi za malori zinakataza silaha kwenye gari lao, na mageti mengi ya maghala yana haki ya kukagua kebini. Ukikutwa utafukuzwa kazi. Kama unabeba vifurushi kwa mkataba wa posta, jua kuwa kanuni za serikali kuu zinakataza silaha kwenye maeneo ya posta, pamoja na maegesho yake. Katazo hilo linapingwa mahakamani, lakini anayejaribu kesi ya namna hiyo awe mtu asiye na grinikadi ya kupoteza. Kambi za jeshi vilevile. Mzigo wa Kanada, usifikirie kabisa.

Kuhusu usiku wenyewe. Kwenye safari za kaskazini-mashariki lipia nafasi ya maegesho yenye uzio na taa. Sehemu nyingi unaweza kuiwekea nafasi mapema, na bei yake ukilinganisha na ada ya wakili ni ndogo mno. Pitisha mikanda ya viti kwenye vishikio vya milango yote miwili kisha uifunge, mlango hautavutika hata kufuli likivunjwa. Wakitikisa tena, bonyeza honi usiiachie, washa taa zote, piga 911, na kama njia ya mbele iko wazi, ondoa lori. Na elewa hata kwa Texas: sheria ya kujihami inamlinda sana mtu aliyevamiwa ndani ya gari lake na anayeingia kwa nguvu. Mtu anayetikisa mlango, ambaye huenda ni mlevi aliyekosea lori, bado hajafika hapo. Tofauti hiyo tunaichambua kwa muda mrefu darasani, na ndiyo sehemu ambayo sikubali mwanafunzi aipitie akisinzia.

Askari akikusimamisha Texas ukiwa na bastola na akaomba kitambulisho, sheria inakutaka umwonyeshe leseni ya udereva na leseni ya kubeba kwa pamoja. Michigan, kwa mfano, inakutaka umwambie mara moja bila kuulizwa. Mimi nafundisha hivi: zima injini, washa taa ya ndani, mikono yote miwili juu ya usukani. Kabla hujainyoosha kuchukua chochote, tamka kwamba una leseni ya kubeba, sema bastola iko wapi, uliza anataka ufanye nini, na usubiri jibu. Pochi iwe kwenye dashibodi tangu ulipoanza safari, isiwe mfuko wa nyuma upande mmoja na bastola. Tarehe 6 Julai 2016, huko Falcon Heights, Minnesota, Philando Castile, mtu mweusi aliyekuwa akifanya kazi kwenye mkahawa wa shule, mwenye leseni halali, alimwambia askari kuwa ana silaha, akapigwa risasi akafa akiwa amekaa kwenye kiti chake, mchumba wake na mtoto wa mchumba wake wamo ndani ya gari. Askari aliachiwa huru mwaka 2017. Kufanya kila kitu sawasawa hakukumwokoa Castile, na sitakudanganya kwamba utaratibu wangu ni kinga kamili. Lakini mikono iliyotulia mahali inapoonekana ndiyo bora tulicho nacho.

Mdogo wako. Aliye hapa kwa viza ya muda, ya mwanafunzi, ya utalii au ya kazi, sheria ya serikali kuu inamkataza kuwa na silaha ya moto au risasi. Kuishika uwanjani kwa dakika kumi huku unampiga picha kunaweza kuhesabiwa kuwa nayo, na picha hiyo ndiyo ushahidi. Wewe uliyempa ukijua viza yake, una kosa lako. Kuna mwanya kwa mgeni mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo, na viwanja vingine vinautumia, lakini asiutumie kabla hajakaa na wakili wa uhamiaji. Nyumbani, kwa kuwa mnaishi pamoja, bastola ikae kwenye sefu ambayo namba yake unaijua wewe peke yako. Asiwe na ufunguo wa akiba, na usimtume akuletee. Kama kuna mtoto wa chini ya miaka 17 nyumbani, Texas inakuadhibu wewe pale anapoifikia bastola yenye risasi, kwa hiyo sefu hiyo ni lazima kwa sababu mbili.

Na ukienda likizo Tanzania, kagua begi kabla ya uwanja wa ndege, mifuko yote ya pembeni, mpaka mishono ya chini. Risasi moja iliyodondoka humo tangu siku ya shabaha itaonekana kwenye mashine. Uwanja wa Dallas, DFW, utakugharimu faini na maelezo marefu; Julius Nyerere au Jomo Kenyatta utakuwa na risasi bila leseni, na hapo utalala mahabusu ndugu wakihangaika na dhamana. Nunua mkoba mmoja wa uwanja wa shabaha tu, uuache kwenye kabati, na usiupande nao ndege.